Queen II: makelele au kazi ya mafundi? Jibu kwa mtembeza wageni wa Shangani

Swali: "Assalaam alaykum ami. Mie natembeza wageni Mji Mkongwe, na tukifika Shangani kwenye makumbusho ya Freddie Mercury pale Kenyatta Road, wageni wote wanajua Bohemian Rhapsody na We Are the Champions, basi. Juzi wawili wakagombana mbele yangu, mmoja anasema Queen II, albamu ya pili ya Queen, lile kundi la roki la Uingereza alilokuwa akiimba Freddie, ndo bora kuliko zote na watu wameidhulumu, mwenziwe anasema makelele matupu, vijana wamepewa studio hawajui pa kusita. Nimeisikiliza kwenye simu mara moja sikufahamu kitu. Nani mkweli, na nikiulizwa nijibu nini?"

Waalaykum salaam mwanangu. Swali lako limenifurahisha mana hii albamu naipenda na imeonewa zaidi ya miaka 50 sasa, kwa hio ntajibu kwa urefu, nivumilie.

Mkweli ni yule wa mwanzo. Lakini na yule wa pili hakuzua, hicho alichokisikia kimo, mle ndani mna vitu vingi vimebanana na mtu akiisikia mara moja kichwa kinamzunguka, tatizo lake ni kuwa kaishia hapo hapo. Mie ni fundi sauti, narekodi taarabu na ngoma hapa mjini, na Queen II nilianza kuiheshimu kikazi kwanza, mapenzi yakaja baadae. Ndo mana ntakueleza zaidi namna ilivotengenezwa, humo ndo utetezi wenyewe ulipo.

Albamu yao ya kwanza ilitoka Julai 1973 na iliuza kidogo tu. Ile waliirekodi kwa kuvizia, studio ya Trident pale London waliruhusiwa kuingia saa ambazo wateja wenye pesa hawapo, mara nyingi usiku wa manane, na wakija wenyewe unapisha. Agosti 1973 wakarudi Trident hapo hapo kurekodi ya pili na mara hii wakapewa muda wao wenyewe, na mie naona hili ndo la kulishika kuliko yote, mana watu wanne hawa walikuwa na mawazo yamewajaa miaka na miaka hawana pa kuyaeka, White Queen kwa mfano Brian May aliiandika toka 1968 kabla hata kundi halijaitwa Queen, sasa wamefunguliwa mlango, unadhani wangetia kidogo kidogo? Wakamimina vyote. Brian kwenye gitaa, Roger Taylor dramsi, John Deacon besi, Freddie sauti na piano, na kwenye uprodyuza Roy Thomas Baker na Robin Geoffrey Cable wakiwa pamoja na kundi lenyewe.

Albamu imekwisha, ikaekwa. Ile ya kwanza ndo kwanza iko madukani hawawezi kuzitoa mbili kwa pamoja, halafu Uingereza ikaingia kwenye shida ya mafuta na umeme, mwanzoni mwa 1974 viwanda vinaruhusiwa umeme siku tatu kwa wiki, mpaka sahani za santuri zinatoka kiwandani na kufika madukani ni tarehe 8 Machi 1974. Wahakiki wengine waliishambulia, gazeti la muziki la Record Mirror waliiponda vibaya sana kwamba imepikwa kupita kiasi. Wanunuzi lakini hawakuwafata, ilipanda mpaka namba 5 Uingereza, Marekani ikafika 49. Kwa hio mashabiki wanaosema albamu ilianguka sokoni hawasemi kweli, haikuanguka, ilisahauliwa, na kusahauliwa kuna sababu zake.

Sababu yenyewe nnavoiona mie ni hii. Novemba mwaka huo huo wa 1974 wakatoa Sheer Heart Attack yenye Killer Queen, wimbo uliofika namba 2, mwaka wa pili yake wakatoa A Night at the Opera yenye Bohemian Rhapsody, hapo dunia nzima ikageuka kuangalia huko. Halafu 1981 ikatoka ile Greatest Hits, ambayo kule Uingereza hakuna albamu iliyouza kuliko hio mpaka leo, na kwenye toleo la Uingereza Queen II imetoa wimbo mmoja tu, Seven Seas of Rhye, kwenye toleo la Marekani la mwaka huo hata huo mmoja hamna. Sasa wageni wako wote wamemjua Freddie kwa mkusanyiko ule wa vibao au kwa ile filamu ya maisha yake. Albamu ambayo haina vibao vya kuchomoa kimoja kimoja inapotea hivi hivi, na hii iliundwa isichomolewe, nyimbo zinaungana moja inamwagikia nyengine, ukizipiga shafo kwenye simu, yani ikuchanganyie mpangilio wake, umeziua.

Sahani yenyewe haina upande A na upande B. Wameita Upande Mweupe na Upande Mweusi. Mweupe wa Brian isipokuwa wimbo wa mwisho ambao wa Roger, Mweusi wote wa Freddie. Picha ya mbele, aliyoipiga Mick Rock, imewatoa wamevaa nyeusi nyuso nne gizani, ukifungua ndani wamevaa nyeupe. Hio ya nje wageni wako wanaijua bila kujua kwamba wanaijua, ndo ile ile waliyoirudia kwenye video ya Bohemian Rhapsody 1975. Waoneshe kwenye simu halafu angalia macho yao.

Upande Mweupe unaanza na Procession, dakika moja na kidogo, hakuna mwimbaji. Weye mtoto wa hapa ushakaa kwenye taarabu asilia, ya Ikhwani Safaa au ya Culture, unajua shughuli haianzi na mwimbaji, inaanza na bashraf, ala peke yake zinakutuliza zinakueka sawa ndo mwimbaji anasimama. Procession ndo bashraf ya albamu hii. Na sauti unayodhani ni fidla au kinanda kikubwa ni gitaa la Brian, limerekodiwa juu ya lenyewe tena na tena, kwenye amplifaya ndogo ambayo John Deacon kaiunga kwa saketi aliyoiokota jalalani, na Roger anapiga dramu lile la mguu tu. Gitaa lenyewe Brian kaliunda nyumbani na baba yake, shingo yake ni mbao ya zamani ya meko ya kuotea moto. Kwenye majalada ya albamu zao za mwanzo walikuwa wanaandika kabisa kwamba hakuna aliepiga sintesaiza, kile kinanda cha umeme kinachounda sauti, na walikuwa na haki ya kuringa, mana watu walikuwa hawaamini kwamba gitaa linaweza kutoa mambo yale.

Procession inaingia moja kwa moja kwenye Father to Son, baba anamwachia mwanawe maneno, na ukishajua khabari ya lile gitaa wimbo unausikia vyengine. White Queen skiliza gitaa lisilo la umeme, lina mvumo wa kama sitari ya Kihindi, zzzz hivi, hilo gitaa lake la rahisi alitia kipande cha waya chini ya nyuzi ili zitetemeke zigongane. Wimbo mzuri kupita maelezo, kama Freddie angeimba huu mmoja tu angetosha. Some Day One Day ndo mara ya kwanza Brian mwenyewe kuongoza sauti kwenye albamu ya Queen, mpole, usiuruke. The Loser in the End ya Roger, mama anaachwa na mtoto aliekua, hapa nakubaliana na wanaolalamika, mdundo mzuri lakini umekaa kama mgeni aliekosea nyumba, unakata ile hewa iliyojengwa toka mwanzo.

Sasa geuza sahani.

Upande Mweusi ndo unaowagombanisha watu, na hapa nataka uwe na hedifoni, sio spika ya simu, nakuomba. Ogre Battle inaanza kinyumenyume, mwisho wa wimbo umegeuzwa tepu ikapigwa nyuma mbele, ndo mana unasikia vitu vinavuta badala ya kugonga, kisha gitaa linaingia kama mlango umevunjwa. Inakwisha inafatwa na The Fairy Feller's Master-Stroke bila kupumua, na hapa nikae kidogo mana mie naona hapa ndo ushahidi mzima.

Kuna picha ya rangi London, jumba la Tate, kachora Richard Dadd kati ya 1855 na 1864 alipokuwa amefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bethlem baada ya kumuua baba yake. Picha ndogo tu lakini imejaa vijitu vya kichawi kila mahali, nyuma ya majani, juu ya mawe, wamesimama wanamtazama mmoja amenyanyua shoka anataka kuipasua kokwa, na shoka haijashuka. Freddie alikuwa msomi wa sanaa, kasoma chuo cha Ealing, picha hii ilimkamata na akawapeleka wenzake wakaitazame. Wimbo ni picha ile. Anawataja vijitu mmoja mmoja kwa haraka, mkulima huyu, mwizi huyu, mfamasia yule, huku anapiga hapsikodi, kile kinanda cha zamani chenye mlio wa nyuzi kukwanyuliwa, na sauti zinamjibu kushoto, zinaruka kulia, moja inatokea katikati, unageuza kichwa kama mtu anaetafuta nani kaniita. Kwa spika moja ya simu hayo yote yanarundikana mahali pamoja, ndo hayo makelele uliyoyasikia weye na labda na yule mgeni. Jicho kwenye ile picha halijui pa kutua na sikio kwenye huu wimbo halijui pa kutua, kwa kusudi. Halafu ghafla vinaisha vyote inabaki Nevermore, piano na sauti, dakika moja na kitu, imekwisha. Mtu asiejua pa kusita hawezi kueka Nevermore pale, mwambie hivo yule mgeni ukimuona tena.

Baada yake The March of the Black Queen, dakika sita na nusu. Huu wengi wanauita mama wa Bohemian Rhapsody na kwa sikio langu wamesema kweli. Hauna kiitikio cha kukurudisha nyumbani, unakwenda tu, sehemu baada ya sehemu, sauti za ngazi zinapanda mpaka Roger kule juu kabisa, unakuwa laini unakuwa mkali, na pana mahali wengine wanahesabu nne na wengine wanahesabu tatu tatu wakati mmoja, kitu ambacho kwa roki ya 1974 kilikuwa kigeni lakini mpiga ngoma ya msondo wa hapa kwetu hakimtoi jasho. Jukwaani walikuwa wanapiga kipande tu wakiunganisha na nyimbo nyengine, kuupiga mzima haikuwezekana. Mwaka mmoja na nusu baadae Freddie karudi na wazo lile lile, safari hii kalipunguza, kajua wapi aache nafasi, ikawa Bohemian Rhapsody. Kwa hio mtu anaeipenda ile na kuicheka hii mie simuelewi, ile imesomea hapa.

Nije kwenye lawama sasa, mana kuna moja ya haki na shabiki anaeikataa anajiharibia. Sauti ya albamu hii nzito, ina utusitusi, besi inapotea mahali na maneno yanapotea mahali. Sababu yake ni tepu. Siku zile unarekodi kwenye tepu ya treki 16, yani nafasi 16 tu, leo kijana na laptopu yake chumbani hapo Mwembetanga anazo nafasi hazihesabiki. Ukitaka sauti ishirini za kuitikia unarekodi kadhaa, nafasi zinajaa, unazichanganya zile kadhaa unazishusha kwenye nafasi mbili, unafuta zile za asili, unaanza tena juu yake. Kila ukishusha mvumo wa tepu unazidi na ukali wa sauti unapungua, na kubwa zaidi, ukishachanganya umechanganya, huwezi kesho kusema nipunguzie huyu wa pili. Hawa walifanya hivo tena na tena, wimbo baada ya wimbo. Mie nikiisikiliza nasikia watu wanaoamua mambo yasiyorudi nyuma, wanatia sahihi kila hatua, na kubahatisha huko hakupo tena kwenye studio zetu za sasa. Mgeni wako anasikia utusitusi. Sote wawili tunasikia kitu kimoja, ila mie nakubali gharama ile, mana bila yake ngazi zile za sauti zisingekuwepo.

Lawama nyengine ni ya mashairi, majoka na malkia na vibwengo, watu wazima wanaimba hadithi za watoto. Hio siipi uzito. Sie tumelelewa na majini na mashetani ya hadithi za bibi, hatuoni ajabu hapo.

Na mashabiki nao kuna utetezi wao siuungi mkono. Wapo wanaosema hii ndo Queen ya kweli na baada yake wakajiuza kwa redio. Si kweli na haina haja, unaweza kuipenda hii bila kuitukana Killer Queen. Wapo wanaotaja majina, kwamba Axl Rose wa Guns N' Roses kaisifia, Billy Corgan wa Smashing Pumpkins kaisifia, na kweli wamesifia, lakini mtu asiesikia kitu kwenye albamu hatosikia kwa kuambiwa fulani kasikia.

Halafu upo utetezi wa kwetu hapa, na huu ndo nakuomba uwe nao makini kwa kazi yako. Nimesikia watu wakiwaambia wageni kwamba nchi ya Rhye kwenye Seven Seas of Rhye ndo Unguja, na mfalme wake ndo Sultani aliepinduliwa Januari 1964, na kwamba mle ndani mna taarabu. Najua inanoga na mgeni atakupa bakhshishi, lakini usiseme. Freddie kazaliwa hapa 5 Septemba 1946, kasomeshwa Panchgani India kuanzia mdogo, huko ndo alikojifunza piano na kupiga na wenzake wa skuli kwenye bendi ya Hectics, karudi 1963 na 1964 familia imehama kwenda Uingereza, hayo unayajua kuliko mie na yanatosha kuwa makubwa. Rhye yeye mwenyewe alisema ni ya kubuni. Na mie nilipotaja bashraf sikusema kaichukua kwetu, nimesema sikio la kwetu limeshazoeshwa kungoja, kwa hio sie tuna nafasi nzuri ya kuifahamu albamu hii kuliko hata hao wageni. Mtu alieweza kukaa na wimbo mmoja wa taarabu robo saa nzima bila kunyanyuka, Upande Mweusi utamshinda nini?

Ukitaka kujaribu tena fanya hivi. Usiku, bando la kutosha au ipakue kabisa ili isikatike, hedifoni masikioni, simu iangalie chini. Siku ya mwanzo Upande Mweusi peke yake, toka Ogre Battle mpaka mwisho, si zaidi ya dakika ishirini na kitu. Usijaribu kushika maneno. Kwenye Fairy Feller fata sauti zinavohama tu. March of the Black Queen inapomalizikia inaingia Funny How Love Is bila kukata, hio Robin Cable kaijaza mtindo wa prodyuza wa Marekani Phil Spector, ukuta mzima wa sauti, mie naona imezidi chumvi lakini baada ya yale mapambano inakuwa kama kufunguliwa dirisha. Siku ya pili ndo uchukue Mweupe. Ukiitazama picha ya Dadd kwenye simu kabla ya kuanza itakusaidia sana, ikuze uone nyuso.

Na wageni wakigombana tena wape la ukweli ambalo wengi hawalijui. Seven Seas of Rhye ilianza kama kipande kifupi cha ala mwishoni mwa albamu ya kwanza, hakijakamilika, Queen II ndo ikakikamilisha na kukieka mwishoni tena. Februari 1974 nafasi ya mwanamuziki David Bowie ikabaki wazi kwenye Top of the Pops, kipindi cha muziki cha televisheni ya BBC, wakaitwa Queen waizibe, wakaja na wimbo huo, ukafika namba 10 na ndo kikawa kibao chao cha mwanzo kabisa, yani vyote wanavyovijua hao wageni vimepita mlango huu. Mwisho wake skiliza mpaka tone la mwisho, watu wanaimba wote kwa pamoja kijiwimbo cha Waingereza cha kwenda kutembea ufukweni. Halafu weka Sheer Heart Attack papo hapo, wimbo wa mwanzo, utasikia mtu anapiga mluzi kijiwimbo kile kile.